Barabara ya Barafu na Malipo ya Dereva

Sisi wafanyakazi wa usafirishaji tumezoea kusikia kwamba barabara fulani ilifunguliwa na bwana fulani. Jina la bwana huyo huandikwa kwenye kibao, naye hupewa nishani, na watoto hufundishwa habari zake shuleni. Wale waliolala chini ya lori usiku wakibadilisha diferensha hawaandikwi popote. Hatusemi kwamba bwana huyo hakufanya kazi. Tunasema hesabu haijatimia. Na kwa kuwa hesabu ya nani alifanya kazi ndiyo mwanzo wa hesabu ya nani alipwe nini, jambo hili ni la chama cha wafanyakazi kabla halijawa la waandishi wa historia.

Safari hii tumechukua mfano wa mbali sana, kaskazini ya Kanada, kwenye malori yanayopita juu ya maziwa yaliyoganda. Wapo watakaouliza barafu inatuhusu nini sisi wa Mbeya, Kampala na Lubumbashi. Tunawaomba wasome kwanza.

Mji wa Yellowknife uko kando ya ziwa kubwa liitwalo Great Slave. Ukitoka hapo kuelekea kaskazini na mashariki, nchi ni mawe, vinamasi na maziwa yasiyohesabika. Wakati wa kiangazi lori haliwezi kwenda popote huko. Lakini majira ya baridi yakiingia, joto hushuka hata kufikia nyuzi 40 chini ya sifuri, na maziwa yote hugeuka kuwa sakafu. Ndugu zetu wa Mwanza, Kisumu na Kalemie wafikirie ziwa lao limekuwa gumu kama saruji, lori la mafuta linapita juu yake, na chini ya tairi, baada ya unene wa barafu usiozidi kimo cha mtoto, kuna maji ambayo nanga haigusi chini.

Kabla ya malori kazi hiyo ilifanywa na makatapila. Kuanzia miaka ya 1930 katapila moja lilivuta msafara wa mikokoteni yenye miguu ya kuteleza badala ya magurudumu, na nyuma kabisa kibanda chenye jiko, mpishi na vitanda. Madereva walipokezana usiku na mchana kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Wengi waliendesha mlango ukiwa wazi au umeng'olewa kabisa, katika baridi ile. Wala haukuwa ujinga. Barafu ikipasuka, dereva aliyejifungia ndani ameshajitia kaburini.

Bwana anayetajwa sana katika habari hizi ni John Denison. Alizaliwa mwaka 1916, akawa polisi, kisha akaacha upolisi akaingia katika uchukuzi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na kikosi chake walianza kutengeneza njia za malori juu ya barafu kutoka Yellowknife, kwa sababu lori huenda kasi kuliko katapila, na wenye migodi walitaka kasi. Njia yao mashuhuri ilikwenda zaidi ya kilometa 500 mpaka mgodi wa madini ya fedha wa Echo Bay, ukingoni mwa ziwa Great Bear, karibu na mstari wa Aktiki. Mwandishi mmoja mwanamke, Edith Iglauer, alisafiri pamoja na kikosi hicho na kuandika kitabu kilichotoka katika miaka ya 1970. Mwaka 1998 Denison alipewa nishani ya nchi yake, na akafariki mwaka 2001. Nishani hiyo hatumwonei wivu. Hakuwa tajiri wa kukaa ofisini. Aliendesha mwenyewe na kulala porini na watu wake.

Lakini kuna jambo moja ambalo wanaosifu hulipita haraka. Barabara ya barafu huyeyuka. Mwezi wa Aprili ukifika hakuna kitu. Samaki wanaogelea mahali ambapo juzi lilipita lori. Msimu unaofuata kazi yote inaanza tena mwanzo, kana kwamba hapajawahi kupita mtu, na barafu ya mwaka huu haifanani na ya mwaka jana. Kwa hiyo barabara hiyo haijafunguliwa mara moja na mtu mmoja. Imefunguliwa kila mwaka, na kila mwaka pamekuwa na dereva wa lori la kwanza. Ukitaka kutoa nishani kwa haki itabidi utengeneze nyingi sana.

Tueleze kidogo kazi yenyewe, maana katika kueleza kazi ndipo ukweli unapoonekana. Kwanza hupita chombo chepesi na watu wanaotoboa barafu kwa keekee kupima unene. Kisha theluji huondolewa. Mtu wa kwetu atadhani theluji inaongeza barafu, kumbe ni kinyume: theluji ni blanketi, huzuia baridi isishuke. Ukiiondoa, barafu inapigwa na baridi yenyewe na kunenepa. Mahali penye wasiwasi hutobolewa tundu, maji yakapampiwa juu yagande tabaka kwa tabaka, kama fundi anavyopiga lipu. Lori lililojaa kabisa halipiti mpaka unene ufike karibu mita moja au zaidi.

Sasa sikilizeni jambo la mwendo, maana hapa ndipo penye shauri. Barafu si mwamba. Lori zito likipita, barafu hubonyea chini yake, na maji yaliyo chini husukumwa na kuwa wimbi linalokwenda pamoja na lori. Dereva haoni wimbi hilo, lakini anaishi juu yake. Akienda kasi, hasa anapokaribia ufuko ambako maji ni machache, wimbi hugonga ukingo na kurudi, likapasua barafu kwa kuipiga kutoka chini. Aghalabu si yeye aliyeisababisha anayezama. Ni mwenzake anayemfuata. Ndiyo sababu malori yaliyojaa hutembea kilometa 25 kwa saa, na karibu na ufuko hutembea polepole zaidi. Usiku injini haizimwi, kwa sababu mafuta yakiganda ndani yake hakuna betri ya kuiamsha. Ikizimika, watu huwasha moto chini yake na kuomba Mungu. Chuma chenyewe huwa kama kigae, ukikigonga kinavunjika.

Yote hayo yanamhitaji dereva anayejua, fundi anayejua, mpishi anayeamka kabla ya wote, na mwenyeji anayejua wapi mkondo unaila barafu kwa chini. Wenyeji wa nchi ile ni Wadene. Walipita juu ya maziwa hayo na mbwa wao kwa karne nyingi kabla ya polisi, mgodi na lori. Katika orodha ya waanzilishi majina yao ni machache kupita kiasi.

Na ziwa lile la Great Bear lina habari nyingine inayowahusu ndugu zetu wa Likasi na Lubumbashi moja kwa moja. Kabla ya mgodi wa fedha, mahali palepale palikuwa na mgodi wa Port Radium, ulioanza miaka ya 1930 kwa ajili ya radi na baadaye ukachimbwa kwa ajili ya urani mpaka mwaka 1960. Urani yake ilitumika katika mpango wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, pamoja na urani iliyotoka kwetu, mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, ambao ndio uliotoa sehemu kubwa zaidi. Madini ya Port Radium yalisafirishwa kiangazi kwa mashua, na penye maporomoko ya mto Wadene waliyabeba magunia kwa mabega. Vumbi liliwapata, wala hawakuambiwa ni vumbi la nini. Miaka ikapita, wakazika wanaume wengi kwa kansa, hata kijiji chao cha Déline kikaitwa kijiji cha wajane. Mwaka 1998 ujumbe wa Wadene hao ulikwenda Hiroshima kuwapa pole watu waliopigwa na bomu lile. Mwaka 2005 ripoti ya uchunguzi iliyofanywa pamoja na serikali ya Kanada ilisema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba kansa hizo zilitokana na kazi ile. Sisi tunasoma ripoti za namna hiyo kwa uzoefu. Kama hakuna aliyepima vumbi wakati gunia liko begani, bila shaka miaka 50 baadaye ushahidi hautatosha.

Wachukuzi wa ziwa la barafu na wachimbaji wa Katanga hawakuwahi kujuana. Mzigo wao ulikutana mahali pamoja.

Tuje karibu na siku zetu. Mwaka 1982 kampuni ileile ya Echo Bay ilifungua mgodi wa dhahabu wa Lupin, mbali zaidi, na njia mpya ya barafu ya karibu kilometa 600 ikaanza kutengenezwa kila mwaka, sehemu kubwa yake ikiwa juu ya maziwa. Baadaye ikagunduliwa almasi. Mgodi wa Ekati ulianza kazi mwaka 1998 na wa Diavik mwaka 2003. Chakula cha wafanyakazi, saruji, vipuri, na hasa dizeli, vyote hupita barafuni katika majuma manane mpaka kumi tu, tangu mwisho wa Januari. Mwaka 2007 yalipita malori zaidi ya 10,000 yenye mzigo wa zaidi ya tani 300,000. Ni mwaka huohuo televisheni ya Marekani ilipoanza kuonyesha kipindi cha madereva hao, na ikawafanya kama wacheza mpira, dereva huyu amepeleka mizigo mingapi na yule mingapi. Kipindi kilipendwa. Hata kwetu kimefika, na vijana wa stendi wanakijua.

Sisi tunakipinga kwa sababu moja. Hayo mashindano si mchezo. Ni mtindo wa malipo. Dereva wa njia ile kwa kawaida amekuwa akilipwa kwa safari, na wengi lori ni lao wenyewe, wanalilipia mkopo. Safari ya kilometa 400 kwa mwendo wa kilometa 25 kwa saa ni saa 16, bila kuhesabu kusimama. Kukija dhoruba ya theluji njia hufungwa, madereva wakakaa ndani ya malori siku mbili au tatu wakichoma dizeli ili wasife kwa baridi. Hiyo si safari. Mwenye kulipwa kwa safari, siku hizo ni zake yeye na Mungu wake.

Angalieni basi ajabu iliyopo. Kwa upande mmoja kuna sheria kali ambayo sisi tungeitamani. Kuna mwendo uliowekwa na askari wa njia wenye vyombo vya kupima. Anayezidisha husimamishwa, na akirudia hufukuzwa njiani. Uzito wa lori hupangwa kwa unene wa barafu. Malori hutolewa kwa makundi madogo, yakiachiana nafasi. Kuna kambi za kula na kulala. Je, matajiri wa almasi wana huruma kuliko matajiri wetu? Hatuamini hivyo. Wamekubali kwa sababu barafu ni mkaguzi asiyepokea kitu kidogo. Lori likizidishiwa mzigo juu ya lami, lami inabonyea, breki zinakwisha Kitonga, anakufa dereva na utingo, na gazeti linaandika ni uzembe wa dereva. Lori likizidishiwa juu ya barafu, njia yenyewe inavunjika, na mgodi mzima unakosa mafuta ya mwaka. Usalama umekuja pale ambapo hasara ni ya tajiri.

Lakini kwa upande wa pili malipo yameachwa kama yalivyokuwa. Sheria inamwambia dereva nenda polepole, na hundi yake inamwambia kimbia. Akitii sheria anapungukiwa, akitii hundi anafukuzwa, na katika hali zote mbili inasemekana amejichagulia mwenyewe. Mtindo huu madereva wa masafa marefu huku kwetu hawahitaji kuelezwa. Posho ya safari ni ileile ukivuka Malaba kwa saa tatu au ukisota Kasumbalesa siku nane. Foleni haikutengenezwa na dereva, kama vile dhoruba haikutengenezwa na dereva wa Yellowknife.

Mwaka 2006 ulionyesha jambo hili waziwazi. Baridi ilikuwa hafifu, barafu haikunenepa, njia ikafungwa mapema kabla mizigo yote haijapita. Migodi ilifanya nini? Ilikodi ndege, ikasafirisha mafuta na mitambo angani kwa gharama kubwa mno. Fedha zilipatikana. Tunaomba ndugu wasomaji wakumbuke hilo siku watakapoambiwa mezani kwamba fungu la kulipia siku za kusubiri halipo.

Kuna wanaosema dawa ni umoja tu, na kwa jumla ni kweli, ila tusidanganyane kwamba ni rahisi. Alaska, jirani wa Kanada, mafuta ya petroli yalipogunduliwa mwaka 1968, serikali ya jimbo ilikimbilia kukwangua njia ya baridi kwa makatapila mpaka kaskazini. Walikwangua hata majani yaliyokuwa yakikinga ardhi iliyoganda, na kiangazi njia ikageuka mfereji wa maji. Barabara ya kweli ilijengwa mwaka 1974, zaidi ya kilometa 570 kwa siku 154, ili bomba la mafuta lijengwe. Madereva wa kazi hiyo walikuwa wanachama wa Teamsters, tawi nambari 959, lililokuwa na wanachama zaidi ya 20,000 wakati huo. Walilipwa vizuri, wakapata matibabu na pensheni, na tajiri alibisha hodi kabla ya kuingia. Bomba likaisha mwaka 1977. Kazi ikapungua, wanachama wakatawanyika, na mwaka 1986 tawi hilo likaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Chama kilichojengwa juu ya kazi ya msimu mmoja nacho hupata kiangazi chake.

Kwetu pia palikuwa na waanzilishi katika miaka ileile ya Denison. Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa bandia, na mwezi uliofuata Zambia ikakatiwa mafuta. Madereva wakabeba mapipa ya petroli kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, kwenye njia ya udongo iliyokuwa vumbi wakati wa jua na uji wakati wa masika. Wazungu waliiita njia ya jehanamu. Mabaki ya malori yalijaa mabondeni. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968 na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Mpaka hapo Zambia ilikuwa imeshikiliwa kwa mikono ya watu walioshika usukani. Tunajua majina ya marais wa wakati ule, na kampuni zilizouza malori. Majina ya madereva tunayo machache sana, na wenyewe wanazidi kuzikwa kila mwaka. Matawi yenye wazee waliofanya kazi njia ile yaandike majina yao sasa, pamoja na walicholipwa na waliolipwa fidia au kunyimwa. Tutayachapa katika ukurasa huu.

Huko kaskazini nako mambo yanabadilika. Wenye mgodi wa Diavik walitangaza kwamba uzalishaji ungekoma mwaka 2026, na serikali ya jimbo imekuwa ikizungumza habari ya kujenga barabara ya kudumu, kwa kuwa barafu haiaminiki kama zamani. Katika mazungumzo hayo tumesoma maoni ya wenye migodi, wahandisi na mawaziri. Wadene nao wamepata kusema, na ni haki yao. Maoni ya madereva tumeyatafuta sana.

Sisi tusingoje kutafutwa. Katika mazungumzo yajayo ya mkataba tutapendekeza kwamba siku ya kusubiri mpakani, mizani au bandarini ihesabiwe kuwa siku kamili ya kazi kwa dereva na kwa utingo wake, na kwamba posho ya safari isiwe badala ya mshahara. Upande wa pili utasema siku hizo ni chache. Ili tuwe na la kujibu, kila mwanachama mwenye daftari la safari alilete ofisi ya tawi lake likiwa na tarehe za kufika na kuvuka kila mpaka kwa mwaka mzima uliopita. Ambao hawakuandika waanze safari hii, na utingo atie sahihi kama shahidi.